Ski Imebanduka, Duka Linakuambia Uandikie Kiwanda: Dhana Potofu na Ukweli

Kila mwaka theluji inapoanza kukaa chini huku Bavaria, kusini mwa Ujerumani, simu yangu huanza kupokea picha. Ski, yaani ubao wa kutelezea thelujini, iliyobanduka mkiani; buti lililong'oka kibano; kifungio cha kushikiza buti kwenye ski kisichoshika. Wanaozituma ni wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili. Watoto wao wamepangiwa wiki ya ski na shule, bei za madukani zikawatisha, wakanunua mtandaoni. Picha hufuatwa na swali lilelile: "Kaka, hii ndiyo imekula kwangu?"

Mara nyingi jibu ni hapana. Ila wengi hukata tamaa mapema kwa ajili ya mambo waliyosikia, na ninayoyasikia zaidi ni haya.

Dhana: "Siku 14 zimepita, basi tena."

Siku 14 ni za kughairi. Ukinunua mtandaoni ndani ya Umoja wa Ulaya, una siku 14 tangu upokee kifurushi za kumwambia muuzaji kwamba unaghairi na kurudisha mzigo, hata kama ski ni nzima na hujaipenda rangi tu. Ubovu ni habari nyingine kabisa. Kwa kitu kipya, muuzaji anawajibika kwa ubovu kwa muda usiopungua miaka 2 tangu akukabidhi. Sweden wameweka 3. Dada mmoja anayeishi Augsburg alikaa na buti la mwanawe lenye kibano kibovu tangu Desemba hadi Machi, akiona aibu kuuliza kwa kuwa alidhani amechelewa. Alikuwa amebakiwa na zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Dhana: "Duka limesema hilo ni suala la kiwanda."

Hii ndiyo inayowaumiza watu kuliko zote, na mimi mwenyewe ilinifika. Novemba nilimnunulia binti yangu ski za sentimita 130 kwenye duka la mtandaoni. Januari, siku ya tatu tu kwenye theluji, alinijia akasema ya kushoto inapiga kelele. Niliigeuza. Mkiani, tabaka la juu lilikuwa limeachana na la chini, limeachama kama kiatu kilichobanduka soli. Niliingiza ukucha ukapita, na mbao ya ndani ilikuwa imeanza kunyonya maji. Hapakuwa na alama ya jiwe, hapakuwa na mkwaruzo wowote karibu na pale.

Duka lilinijibu kwa adabu: wasiliana na idara ya waranti ya kiwanda, anwani hii hapa. Maneno ya kawaida, na ukiyapokea kwa Kijerumani kilichonyooka unaweza kudhani ndiyo sheria. Sivyo. Wajerumani wenyewe wana maneno mawili tofauti, na ukiyashika umeshika nusu ya kesi. *Garantie* ni ahadi ya hiari ya kiwanda. Kiwanda kinaweza kuitoa au kutoitoa, na kinajiwekea masharti yake. *Gewährleistung* ni wajibu wa kisheria wa yule aliyekuuzia. Mkataba wako ni na aliyepokea pesa yako. Kiwanda kikiwa Austria, Italia au Uchina, hayo ni yake na muuzaji. Wewe mdeni wako ni mmoja.

Nikaandika tena, safari hii nikiweka sentensi ambayo sasa huwapa wenzangu waiige kama ilivyo: *"Ich verlange Nacherfüllung gemäß § 439 BGB."* Yaani, kwa kifungu cha 439 cha BGB, sheria ya kiraia ya Ujerumani, nadai mnitimizie mlichouza, kwa kukitengeneza au kunipa kipya. Kuchagua kati ya hayo mawili ni haki ya mnunuzi, isipokuwa pale chaguo lake litakapomgharimu muuzaji kupita kiasi. Nikaambatanisha picha nne na namba ya oda, nikawapa siku 14. Jibu la pili halikutaja kiwanda tena. Lilikuja na karatasi ya posta ya kurudishia mzigo, na Februari binti yangu alikuwa na ski mpya.

Kwa hiyo ukiambiwa "nenda kiwandani", jibu kwa heshima kwamba unamdai muuzaji. Waranti ya kiwanda itumie pale inapokufaa zaidi, mathalani miaka 2 ikiwa imekwisha na kiwanda kiliahidi mitatu.

Dhana: "Ni juu yangu kuthibitisha kwamba ilikuja mbovu."

Kwa mkataba wa Ujerumani uliofungwa kuanzia tarehe 1 Januari 2022, ubovu ukijitokeza ndani ya mwaka mmoja, sheria inachukulia kwamba ulikuwapo tangu mwanzo, na muuzaji ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Kabla ya hapo ilikuwa miezi 6, ndiyo maana ushauri wa zamani bado unazunguka. Baada ya mwaka mzigo wa ushahidi unakuhamia wewe. Haki haijaisha, ila imekuwa ngumu kuidai, kwa hiyo usingoje msimu ujao. Ski iliyoharibika Februari 2 iripoti Februari, hata kama huihitaji tena mpaka Desemba.

Risiti ya karatasi si lazima. Barua pepe ya oda au mstari kwenye taarifa ya benki unatosha kuonyesha ulinunua wapi na lini. Kasha la awali nalo si sharti.

Dhana: "Imevunjika, kwa hiyo watanipa nyingine."

Hapa lazima niseme ukweli usiopendeza. Wajibu huo wa muuzaji hukulinda dhidi ya kasoro. Haikulindi na mlima. Ukipita juu ya jiwe likachimba uso wa chini hadi kwenye mbao, au ukingo wa chuma ukapinda, hilo ni lako. Ukingo ulioshika kutu kwa sababu ski zilifungiwa mkobani zikiwa na maji, ni lako pia. Fundi hutambua haraka: pigo huacha kishimo, chuma kilichopinda, au mkwaruzo unaoelekea pale pale palipofunguka. Gundi iliyoshindwa kiwandani hufungua tabaka bila jeraha lolote. Kwa hiyo kabla hujaandika, kausha ski, ichunguze kwenye mwanga mzuri, upige picha ya palipoharibika na ya pande zote zilizobaki salama. Picha ya sehemu nzima isiyo na mkwaruzo inakutetea kuliko picha ya ubovu wenyewe.

Buti nalo lina mambo yake. Plastiki ya maganda ya buti nyingi huzeeka kwa unyevu na muda, hata likiwa limekaa tu kwenye ghala la chini la nyumba. Buti la miaka mingi linaweza kupasuka vipande siku ya kwanza likivaliwa. Ukiuziwa na mtu binafsi kwenye matangazo ya mitumba, naye akaandika kwamba hatoi *Gewährleistung*, pesa hiyo kuirudisha ni kazi kubwa sana. Duka linalouza mitumba ni tofauti: linaweza kupunguza muda mpaka mwaka 1, lakini si kuufuta.

Dhana: "Vifungio nitarekebisha mwenyewe, video zipo."

Nawaomba, hapana. Kifungio kazi yake ni kuachia mguu mtoto anapoanguka. Namba ya kuachia, wengi huiita namba ya DIN, hupangwa kwa uzito, urefu, umri, kiwango cha ujuzi na urefu wa soli ya buti. Ikiwa juu mno, ski haiachii na mguu unazungushwa nayo. Ikiwa chini mno, ski inachomoka katikati ya kona. Ski za mtandaoni hufika zikiwa hazijapangwa kwa buti lako. Zipeleke kwa fundi wa duka la michezo mwenye mashine ya kupimia, naye atakupa karatasi ya vipimo. Itunze karatasi hiyo: siku kifungio kikigoma, inaonyesha kwamba kilipangwa kitaalamu. Ukitoboa matundu yako mwenyewe kwenye ski, muuzaji amepata hoja ya kukukatalia, tena hoja nzuri.

Na kifungio ukishakitilia shaka, mtoto asikivae tena hata mara moja, hata kama ni siku ya mwisho ya wiki ya shule.

Dhana: "Posta ni juu yangu, na nikipewa kipya nitalipia nilivyotumia cha zamani."

Posta ya kurudisha kitu kibovu, kazi ya fundi na vipuri ni juu ya muuzaji. Kuhusu kulipia matumizi, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishaamua mwaka 2008. Kesi ilikuwa ya jiko la kupikia lililouzwa na kampuni ya Kijerumani ya Quelle, iliyokuwa ikiuza kwa posta. Jiko lililetwa 2002, na 2004 likaanza kubanduka enameli kwa ndani. Kampuni ilibadilisha jiko lakini ikadai malipo kwa muda ambao mteja alitumia lile bovu. Mahakama ikasema muuzaji hawezi kumtoza mteja fidia hiyo. Ski mpya badala ya ski iliyobanduka ni jambo hilo hilo.

Vitu vya punguzo vina haki sawa na vya bei kamili, isipokuwa kasoro ambayo uliambiwa waziwazi ukaikubali.

Dhana: "Duka liko nchi nyingine, hakuna pa kwenda."

Kurasa nyingi bado zinawaelekeza watu kwenye jukwaa la Umoja wa Ulaya la kusuluhisha migogoro mtandaoni. Lilifungwa tarehe 20 Julai 2025, msipoteze muda kulitafuta. Vituo vya Ulaya vya watumiaji bado vipo. Cha Ujerumani kiko Kehl, mpakani na Ufaransa, na humsaidia bure mkazi wa Ujerumani aliyenunua kwenye nchi nyingine ya Umoja. Kama muuzaji yuko Ujerumani, nenda *Verbraucherzentrale*, kituo cha kuwashauri watumiaji, ya jimbo lako.

Ndugu zetu walioko Uingereza wana sheria yao ya mwaka 2015: siku 30 za kukataa kitu kibovu na kurudishiwa pesa yote, na baada ya hapo haki ya kutengenezewa au kubadilishiwa. Waliolipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 wanaweza kuidai pia kampuni ya kadi.

Aliyenunua kwa muuzaji wa mbali asiye na anwani Ulaya, huyo ndiye ninayeshindwa kumsaidia mara nyingi. Kabla hujalipa, shuka chini kabisa ya ukurasa wa duka utafute neno *Impressum*, sehemu inayotaja mwenye duka na anwani yake. Pasipo jina la kampuni na mtaa uliopo, funga ukurasa utafute duka jingine, hata kama bei ni nusu.