Ule Uzi wa Zambarau Kwenye Jiwe la Bismarck

Wapiga picha wa Mwanza hutuuliza hili mara kwa mara. Umesimama ufukweni saa saba mchana, umevuta zumu (lenzi inayosogeza mandhari karibu) hadi mwisho, Jiwe la Bismarck, lile lililo ziwani, liko ukingoni mwa fremu na anga jeupe nyuma yake. Ukiikuza picha kwenye kompyuta, jiwe lina uzi wa zambarau upande mmoja na wa kijani upande wa pili. Wengi hudhani lenzi imeingia ukungu, yaani kuvu inayoota kwenye kioo. Ukungu upo kweli huku ziwani, tena ni mharibifu, lakini wenyewe hufifisha picha nzima. Hautarizi kingo kwa rangi.

Uzi huo unatoka kwenye tabia ya kioo. Kioo hupinda mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu. Chukua lenzi ya kioo kimoja cha kawaida, urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi mwanga unapokusanyika) milimita 100: buluu na nyekundu zitakusanyika sehemu mbili zilizoachana takribani milimita moja na nusu. Kwa kamera hapo ni mbali mno. Mwanasayansi Isaac Newton aliona kasoro hii haina dawa, akaunda darubini ya kuakisi, inayokusanya mwanga kwa kioo cha kujitazamia badala ya lenzi, mwaka 1668. Alikosea. Mwaka 1758 fundi wa lenzi John Dollond alipewa hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) Uingereza kwa lenzi ya vioo viwili vya aina tofauti, kimoja kikizirudisha pamoja rangi zilizotawanywa na mwenzake. Mwanasheria Chester Moore Hall alikuwa amemtangulia kwa miaka mingi, ila hakujitangaza.

Kwa lenzi isiyovuta, mbinu hiyo husaidia sana. Zumu ndiyo kichwa ngumu. Ndani yake makundi ya vioo husogea kila uzungushapo pete, na mpangilio uliotuliza rangi kwenye milimita 50 huenda usizitulize kwenye 18 wala 200. Mara nyingi rangi hata hubadilishana upande ukivuta. Mtu anayepiga picha mwaloni Kirumba huipenda lenzi ya 18 hadi 200 kwa kuwa haimlazimu kubadilisha lenzi kwenye vumbi. Deni lake hulilipa kwenye kona za picha.

Nasema kona kwa makusudi. Rangi zinazoongezeka kadiri unavyotoka katikati hazipungui kwa kubana tundu la lenzi (kulipunguza ili lipitishe mwanga kidogo), lakini programu huziondoa vizuri, kwa kupanua au kupunguza kidogo tabaka la nyekundu na la buluu hadi yalingane na kijani. Zikionekana hata katikati, zambarau mbele ya fokasi na kijani nyuma yake, hiyo ni aina nyingine: bana tundu hadi f/8, kipimo cha tundu dogo. Hapo programu hufuta rangi tu, na inaweza kufuta na zambarau ya kitenge cha bibi harusi.

Ukienda kununua zumu iliyotumika, piga mlingoti wa mtumbwi au nguzo ya umeme dhidi ya anga, ukiiweka kwenye kona, zumu ikiwa mwanzo, katikati, kisha mwisho. Ila zima kwanza marekebisho ya lenzi kwenye kamera. Yakiwa yamewashwa, utakuwa unaipima kompyuta iliyo ndani ya kamera ya muuzaji.