Nani Analala Wapi Usiku?

Mtu aliyefungwa kwa kunajisi mtoto akikaribia kuachiliwa, mimi hutangulia kufika kwao. Hupewa kiti, huletewa maji, na maongezi huanzia kwenye msamaha. "Mwanangu, jela imeshamfunza," mzee mmoja aliniambia. Nilimwitikia kwa heshima, kisha nikaomba nionyeshwe vyumba. Nilitaka kujua jambo moja: usiku, nani analala wapi?

Kitanda cha mkosaji kilikuwa kimeshatandikwa, katika chumba wanacholala wajukuu wawili. Hakuna aliyekusudia baya. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na kijana wao anarudi.

Mimi ni afisa wa probesheni, yaani msimamizi wa wakosaji nje ya jela, hapa Pwani ya Kenya. Naulizwa mara nyingi nawezaje kuketi na watu hawa, kuwasikiliza, hata kuwatafutia kibarua. Moyoni mwangu namhudumia mtoto ambaye bado hajaguswa, na njia ya kumkinga inapita kwa yule mtu mzima.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ni kali. Aliyenajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Wa 16 hadi 18, kisichopungua 15. Watu wakisikia miaka 20 huona yamekwisha. Lakini mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa thuluthi, na 20 hugeuka 13 na miezi kidogo. Binti aliyeumizwa akiwa na miaka 12 sasa ana 25, na pengine amezaa. Aliyemuumiza, ambaye mara nyingi ni mjomba, baba wa kambo au jirani, anarudi ua uleule alipo mtoto wa yule binti.

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, David Finkelhor, alieleza kwamba dhuluma hii hutokea baada ya kutimia masharti manne. Lazima mtu awe na msukumo, ainyamazishe dhamiri yake, apate nafasi mbali na macho ya walinzi wa mtoto, kisha avunje upinzani wa mtoto mwenyewe kwa zawadi, vitisho au mapenzi ya uongo. Nimefanya kazi na maelezo haya kwa miaka mingi na bado sijapata yanayonifaa zaidi.

Kwenye dhamiri ndiko tunakokaa muda mrefu. Karibu kila mmoja huanza na "ni shetani" au "ni pombe". Sibishani naye. Namwomba anisimulie siku ile tangu alfajiri, saa kwa saa. Nani alijua mama mtoto angeenda sokoni? Nani aliwatuma watoto wengine dukani? Ile soda ilinunuliwa lini? Mara ya tatu au ya nne ya kusimulia, mtu huanza kusikia mpango katika maneno yake mwenyewe. Hapo ndipo tunaweza kuzungumza juu ya kesho, kwa sababu anayejua alivyofika kule anaweza kutambua hatua ya kwanza akiianza tena.

Nafasi ni rahisi zaidi kuidhibiti. Mkosaji halali nyumba moja na watoto. Hafundishi tuisheni, hasimamii timu ya mpira ya watoto, habebi wanafunzi kwa bodaboda. Na lazima awepo mtu mzima mmoja wa karibu anayejua kila kitu, wala si kwamba "alikosea" tu. Kifungu cha 39 cha sheria ile kinairuhusu mahakama kumtangaza mkosaji kuwa hatari na kuamuru asimamiwe baada ya kifungo, kwa miaka isiyopungua mitano. Amri hiyo ni sehemu ya hukumu. Isipotolewa siku ya hukumu, anapomaliza kifungo mimi hubaki na ushawishi wangu tu. Nawasihi maafisa wenzangu wanaoiandikia mahakama ripoti kabla ya hukumu wailete hoja hii mapema.

Huko Hamilton, Kanada, mwaka 1994 waumini wa kanisa la Mennonite walimzunguka mfungwa mmoja aliyeachiliwa: walimtembelea, walimsaidia, na walimuuliza maswali magumu. Wazo hilo limeenea nchi nyingi, na kwetu lina mizizi tayari, maana tuna wazee, imamu, mchungaji, nyumba kumi. Ila nachagua kwa uangalifu watu wa kumzunguka mkosaji. Mzee aliyetaka kesi imalizwe nyumbani kwa kulipwa mbuzi na pesa simweki kwenye kundi hilo.

Na kumfukuza kijijini? Naelewa hasira ile, naibeba pia. Lakini aliyefukuzwa huenda mji asikojulikana, akapanga chumba katika ua uliojaa watoto, na mama zao hawana habari. Ndiyo maana namtafutia kibarua karibu, mahali ninapopajua.

Kwa nyumba ile ya vyumba viwili, tulikubaliana alale kwa ami yake asiye na watoto, na aje kula mchana bibi akiwepo. Bibi alikuwa ameambiwa tu kwamba mjukuu wake "aligombana na watu". Nikamweleza umri wa mtoto yule na jinsi alivyozoeshwa pole pole. Alinisikiliza hadi mwisho bila kusema neno. Kisha akainuka, akaenda chumbani kwa wale wadogo, akaanza kukunja shuka la kile kitanda.