Ella Fitzgerald na usiku wa Apollo

Kila muhula wa mafunzo ya sauti hakosi mtu wa kuniletea hadithi ileile: Ella, mwimbaji wa jazi wa Marekani, alipanda jukwaani kwenye mashindano ya vipaji ya ukumbi wa Apollo, akaimba, kesho yake akawa nyota. Akishamaliza ananiuliza mashindano ya vipaji yatafanyika lini. Mazoezi ya pumzi hataki, skeli zinamchosha. Anachotaka ni usiku wake mmoja.

Haya, tuutazame huo usiku. Ni tarehe 21 Novemba 1934, Harlem, New York. Ella ana miaka 17. Mama yake alifariki mwaka 1932. Yeye mwenyewe ametoroka shule ya marekebisho ya wasichana na hana makao ya maana. Alikuja kucheza dansi, wala si kuimba. Bahati mbaya waliotangulia jukwaani walikuwa Edwards Sisters, wacheza dansi, na kwa jinsi walivyocheza akaona hawezi kushindana nao. Akaamua palepale aimbe, na akaimba "Judy" na "The Object of My Affection" kwa mtindo wa mwimbaji Connee Boswell. Santuri ya Boswell ililetwa nyumbani na mama yake, na binti alihangaika sana kuimba vilevile.

Hapo ndipo wasimuliaji wanapopita mbio. Asiyejiandaa hageuzi mpango akiwa tayari yuko jukwaani. Nyimbo zilitoka kwa sababu zilikuwa zimeshaingia zamani.

Akashinda dola 25. Wiki ya kutumbuiza iliyokuwa sehemu ya zawadi hakupewa, na inasemwa sababu ilikuwa mavazi yake chakavu. Kesho yake, basi, hakuwa nyota wa chochote. Mwaka 1935 ulipoanza akapata wiki moja na bendi ya Tiny Bradshaw katika Harlem Opera House. Chick Webb, mpiga dramu aliyeongoza bendi yake, alipoletewa msichana huyu hakumtaka. Alikubali tu kumjaribu kwenye dansi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Alipofaulu ndipo kazi ikaanza: Savoy Ballroom, ukumbi wa watu waliokuja kucheza, ambako mwimbaji akichelewa mdundo anaumbuka mbele ya wote. Rekodi ya kwanza ilitoka mwaka huohuo wa 1935. "A-Tisket, A-Tasket", wimbo wa watoto ambao yeye na Al Feldman, mpangaji wa muziki wa bendi ya Webb, waliutengeneza upya, na ndio uliompa jina Marekani nzima, ulirekodiwa Mei 1938. Hesabu mwenyewe kutoka Novemba 1934. Webb alipofariki Juni 1939, bendi ikabaki ikiongozwa kwa jina la Ella, naye ana miaka 22.

Mengine nayamaliza upesi. Eti alizaliwa 1918, tena Harlem: alizaliwa Newport News, Virginia, tarehe 25 Aprili 1917, akakulia Yonkers. Eti jazi haiimbiki mpaka uteseke: Ella aliteseka kweli, ila hakupenda kuyazungumzia, na sauti yake ya miaka ile imejaa uchangamfu mtupu. Mara nyingi anayenipa nadharia hiyo ndiye aliyekuja bila kufanya mazoezi ya wiki.

Na eti yeye ndiye aliyebuni skati, yaani kuimba kwa silabi zisizo na maana badala ya maneno. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta na mwimbaji, alirekodi skati ya "Heebie Jeebies" mwaka 1926, Ella bado mtoto, na hata Armstrong hakuwa wa kwanza. Skati ya Ella iliiva miaka ya 1940, hasa alipozunguka na bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie akijaribu kufanya kwa koo kile alichokisikia kwenye tarumbeta. Sikiliza "A-Tisket" kisha "Flying Home" ya 1945: katika wimbo wa kwanza anaimba mbele ya bendi, katika wa pili koo lake ni ala mojawapo. Kwa hiyo wanafunzi wangu huanza na Lester Young. Baa nane, yaani vipande vinane vya mapigo, za saksafoni yake, noti kwa noti, pumzi pale alipovuta yeye. Kabla ya hapo sitaki kusikia "shubi-dubi" ya mtu.