Zirkzee na hesabu ya mabao 11

Mabao 11. Hayo ndiyo aliyofunga mshambuliaji Joshua Zirkzee kwenye Serie A, ligi kuu ya Italia, msimu wa 2023/24 akiwa Bologna, na bado Manchester United ikafungua pochi na kutoa zaidi ya euro milioni 40 kumchukua Julai 2024. Vijana ninaowafundisha walinijia na swali moja: "Kocha, United wamepigwa tena?" Nafundisha washambuliaji, kwa hiyo niliwajibu kwa video, na hapa nawajibu kwa maandishi. Anayetaka kumwelewa huyu kijana asianzie Old Trafford. Arudi nyuma, aone alikopita.

Zirkzee alizaliwa Schiedam, Uholanzi, mji uliopakana na Rotterdam, Mei 2001. Baba Mholanzi, mama Mnigeria. Alipita klabu ya ADO Den Haag, akapita Feyenoord, na mwaka 2017, akiwa na miaka 16, Bayern Munich ikamnyakua kabla hajacheza hata mechi moja ya wakubwa nyumbani kwao. Hapo ndipo wengi wanapolaumu: mbona hakubaki Uholanzi akakomaa kwanza? Mimi silaumu. Munich alijifunza kucheza na watu wanaokupa mpira kwa kasi na kutaka urudi kwa kasi hiyohiyo. Timu yake ya akiba, Bayern II, ilibeba ubingwa wa ligi ya daraja la tatu msimu wa 2019/20, ikicheza dhidi ya watu wazima wenye familia za kulisha. Shule nzuri hiyo kwa mshambuliaji wa miaka 18.

Ila mbele yake alikuwepo Robert Lewandowski, mfungaji tegemeo wa Bayern. Ukimkuta huyo, unakaa benchi na kusubiri.

Desemba 18, 2019, ugenini Freiburg, matokeo 1-1, dakika za lala salama. Kocha Hansi Flick anamwingiza Zirkzee kwenye mechi yake ya kwanza ya Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani. Anaugusa mpira kwa mara ya kwanza, wavuni. Bayern ikashinda 3-1. Siku tatu baadaye, nyumbani dhidi ya Wolfsburg, 0-0, anaingia tena mwishoni na dakika ya 85 anafunga tena. Ujerumani nzima ikamtafuta kwenye simu. Msimu ule akamaliza na mabao 4 ya ligi kwa muda mdogo sana wa kucheza, katika timu iliyobeba mataji matatu.

Nadhani mabao yale ndiyo yaliyompotosha mtazamaji. Watu walimwona kijana wa mita 1.93, anaingia dakika za mwisho, anafunga. Wakamwandikia kazi: mtu wa boksi, msubiri krosi, mrithi wa Lewandowski. Zirkzee hakuwa hivyo hata siku moja. Urefu wake umewadanganya makocha na mashabiki wengi.

Januari 2021 akapelekwa Parma ya Italia kwa mkopo. Timu ilikuwa inazama, yeye akaumia goti, akacheza mechi 4 tu, Parma ikashuka daraja. Nitaishia hapo, maana hakuna cha kujifunza zaidi ya kwamba timu inayopigania kubaki ligini si mahali pa kumlea kijana anayetaka mpira mguuni.

Anderlecht, Ubelgiji, ndiko mambo yalikokaa sawa. Msimu wa 2021/22 kocha alikuwa Vincent Kompany, beki wa kati wa zamani. Beki anajua vizuri mshambuliaji wa aina gani alikuwa anamnyima usingizi. Kompany akampa ruhusa ya kushuka chini kuchukua mpira, na pembeni yake akawepo Christian Kouamé, mtu wa mbio, anayekimbilia nyuma ya mabeki. Mmoja anashuka, mwingine anapanda. Zirkzee akafunga mabao 18 kwenye mashindano yote, timu ikafika fainali ya Kombe la Ubelgiji na kufungwa na Gent kwa mikwaju ya penalti.

Sasa tuingie kiwanjani, maana hapa ndipo hesabu ya mabao inapotupotosha. Mwangalie anavyopokea mpira akiwa ameligeuzia lango mgongo. Beki yupo kisogoni, anamsukuma. Zirkzee anatanua mkono kumweka mbali, anakunja magoti kidogo kushusha kiuno, halafu anausimamisha mpira kwa unyayo, kama mcheza futsal, mpira wa ukumbini. Wengi wanaupokea kwa ndani ya mguu na mpira unadunda nusu mita, beki anauchomoa. Wa kwake unakaa palepale chini ya kiatu. Beki akimkaribia zaidi, anaukokota kwa unyayo upande wa pili na kugeuka. Beki akikaa mbali, anauachia kwa kisigino au kwa nje ya mguu kwa kiungo anayekuja mbio.

Beki wa kati anabaki na maamuzi mawili, yote mabaya. Akimfuata Zirkzee hadi katikati ya uwanja, nyuma yake kunabaki shimo. Asipomfuata, Zirkzee anageuka na kuwatazama wote usoni. Thamani yake ipo kwenye shimo hilo. Lakini shimo bila mtu wa kuliingia ni eneo tupu tu la nyasi.

Bologna walimnunua Agosti 2022 kwa takriban euro milioni 8.5. Msimu wa kwanza alifunga mabao 2 ya ligi, kwa sababu namba 9, yaani mshambuliaji wa kati, wa kwanza alikuwa Marko Arnautović. Kiangazi cha 2023 Arnautović akaondoka kwenda Inter, na kocha Thiago Motta hakukimbilia sokoni kutafuta mtu wa mabao 20. Akamkabidhi Zirkzee timu. Kisha akajaza wakimbiaji kumzunguka: Lewis Ferguson akitokea kiungoni, Riccardo Orsolini na Dan Ndoye pembeni, na jambo lililonifurahisha zaidi, Riccardo Calafiori, beki wa kati, akiacha nafasi yake na kupanda hadi eneo la hatari la wapinzani. Mshambuliaji anashuka, beki anapanda. Wapinzani walikuwa wanaulizana nani amkabe nani.

Desemba 20, 2023, Kombe la Italia, San Siro dhidi ya Inter. Mechi inakwenda dakika 30 za nyongeza, Inter wanatangulia. Zirkzee ameingia kutokea benchi. Sam Beukema anasawazisha, Ndoye anafunga la ushindi, 2-1, na pasi zote mbili za mabao zimetoka kwa Zirkzee. Hakufunga, na mimi naihesabu kuwa mechi yake bora kuliko nyingi alizofunga.

Bologna ikamaliza nafasi ya tano na kukata tiketi ya Ulaya ya ngazi ya juu kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1960, Zirkzee akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Serie A chini ya miaka 23. Timu ya taifa ya wakubwa ilikuwa haijamwita. Alichomekwa kwenye kikosi cha Euro 2024 dakika za mwisho baada ya wengine kuumia, na mechi yake ya kwanza ya Uholanzi ikawa robo fainali dhidi ya Uturuki.

Kwa hiyo, United walipigwa? Agosti 16, 2024, mechi yake ya kwanza, dakika ya 87, akaifunga Fulham bao pekee. Vibanda umiza vya Dar vikalipuka, na kosa la Munich likajirudia: watu wakaanza kumsubiri afunge kila wiki. Desemba alifunga mawili dhidi ya Everton, na mwezi haujaisha akatolewa dakika ya 33 dhidi ya Newcastle huku baadhi ya mashabiki wa nyumbani wakishangilia kutolewa kwake. Mtu wa miaka 23. Wiki mbili baadaye, Emirates, Kombe la FA, ndiye aliyepewa penalti ya mwisho dhidi ya Arsenal, akaiweka wavuni, United ikasonga mbele.

Jibu langu kwa vijana ni kwamba bei haikuwa tatizo. United ilimnunua mtu wa kutengeneza shimo bila kuwa na uhakika nani ataliingia. Kocha Ruben Amorim alipokuja na mfumo wake wa viungo wawili nyuma ya mshambuliaji mmoja, mara kadhaa alimjaribu kwenye moja ya nafasi hizo mbili, na kwangu hapo ndipo anapofaa, mradi mbele yake kuwe na mtu wa mbio kama Kouamé wa Anderlecht.