Mota si jina la heshima la injini

Pwani yetu hii, kuanzia Kizingitini hadi Watamu, pameota dhana kwamba "injini" ni neno la fundi mwenye mikono ya grisi, na "mota" ni kitu hicho hicho kikitajwa na mtu aliyesoma. Tangazo la boti ya kuuzwa linaandikwa "mota farasi 40, haijachoka". Upande wa pili, feni ya dari ikikwama utaambiwa injini yake imekufa. Nilinyamaza mpaka jirani mmoja hapa Malindi akaenda kununua oili ya injini kwa ajili ya pampu ya umeme ya kisimani. Mwenye duka akamuuzia.

Maana yenyewe haina urefu. Injini huchoma kitu, iwe petroli, dizeli, gesi au makaa ya mawe, na kuligeuza lile joto kuwa mwendo. Mota hupokea nguvu iliyokwisha kutayarishwa kwingine, mara nyingi umeme, na kuigeuza kuwa mwendo. Injini ina silinda na pistoni, inavuta hewa na kutoa moshi. Mota ya umeme ina koili za waya wa shaba na nguvu ya sumaku, na haina pa kutolea moshi; ukiona inatoa, ujue umeshaipoteza. Zipo pia mota zinazosukumwa na mafuta yenye shinikizo, kama zile za kuvutia nyavu kwenye meli kubwa za uvuvi. Hizo nazo hazichomi kitu, zinazungushwa na msukumo unaotoka kwenye pampu.

Mpaka hapo hakuna wa kubishana naye. Ubishi huanza anapojitokeza mjuzi na kusema: Waingereza wenyewe wanaiita ile ya kufungwa nyuma ya boti "outboard motor", nayo inakunywa petroli, basi maneno ni mamoja. Hoja hii nimeisikia gatini Lamu, nimeisikia Mokowe, na kila anayeitoa huitoa kama mtu aliyefunga mjadala. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayomponza.

Tuanze na "engine". Asili yake ni Kilatini, ingenium, yaani akili au kipawa ambacho mtu huzaliwa nacho. Ndani ya neno hilo mna kitenzi cha kuzaa. Wafaransa wa kale wakalifanya engin, likawa na maana ya werevu na hila, kisha likahamia kwenye kitu kilichobuniwa kwa werevu huo, hasa mitambo ya vita ya kurushia mawe kwenye kuta za ngome. Waingereza wakalichukua na mizigo yake yote. Mwenye kuunda mitambo hiyo ndiye aliyepata jina ambalo kwetu limekuwa injinia, kwa hiyo babu yake injinia wa barabara ni mtu wa vitani.

Neno likakatwa kichwa, likabaki "gin". Eli Whitney wa Marekani alipopata hataza ya mashine yake ya kuchambua pamba mwaka 1794, iliitwa hivyo, na ndiyo sababu kiwanda cha kuchambulia pamba kinaitwa jineri. Wakulima wa pamba wa Mpeketoni wanapozungumzia jineri wanataja injini iliyopunguzwa silabi. Na mashine ya Whitney ndogo ilizungushwa kwa mkono, haikuwa na moto wala mvuke ndani yake. Wakati huo "engine" ilikuwa bado ni chombo chochote kilichobuniwa kwa akili.

Moto uliingia kwa njia ya migodi. Mwaka 1712 Thomas Newcomen alisimamisha huko Uingereza mashine ya mvuke ya kupampu maji kutoka kwenye mgodi wa makaa, nayo ikaitwa "engine" kama kila ubunifu mwingine. James Watt akaja kuiboresha, akapata hataza mwaka 1769, mashine zikasambaa viwandani, halafu zikawekwa kwenye meli na magarimoshi. Zilivyoenea, zikalichukua jina likawa lao. Tangu hapo mtu akisikia "engine" anafikiria kitu kinachowaka.

"Motor" lilikwenda njia nyingine. Nalo ni la Kilatini, kutoka movere, kusogeza. Motor ni msogezaji tu, na halisemi anasogeza kwa nguvu gani. Lilikaa muda mrefu kwenye Kiingereza bila mashine yake. Kisha Michael Faraday, mwaka 1821 mjini London, akaonyesha waya wenye umeme ukizunguka sumaku, na mwaka 1834 Moritz Jacobi akaunda mashine ya umeme yenye nguvu ya kufanya kazi ya maana. Mwaka 1838 aliitia kwenye boti na kubeba abiria katika mto Neva, mjini St. Petersburg. Hapo palikuwa na mashine isiyo na tanuri wala bomba la moshi, na "msogezaji" likaikaa vizuri.

Kwa hiyo kufikia katikati ya karne ya 19 mambo yalikuwa yameanza kutengana. Aliyeyachanganya tena ni gari la petroli. Wajerumani waliotangulia kwenye biashara hiyo wana Motor kwa yote mawili, na kampuni ya Daimler iliyoanzishwa mwaka 1890 ilibeba neno hilo katika jina lake. Kiingereza nacho kikasema "motor car", neno likapanda meli likatufikia, tukalifanya motokaa.

Na hapa ndipo ninapomwonea huruma Mswahili mwenzangu. Sikio letu likisikia motokaa linasikia moto, na ukitaka, makaa pia. Gari linaunguza petroli na jina lake lina moto: nani atamlaumu mtu kwa kuamini kwamba mota ni kitu cha kuwaka? Lakini ni sadfa ya sauti tu. Moto wetu ni neno la Kibantu lenye ndugu zake kutoka Kongo hadi Msumbiji, na halina ujamaa wowote na Kilatini. Ninashuku nusu ya fujo hii imetokea hapo, wala si kwa Waingereza.

Sasa turudi kwa mjuzi wetu na boti yake. Mwaka 1881 Mfaransa Gustave Trouvé alitembeza boti katika mto Seine, Paris, kwa mashine aliyoifunga kwenye usukani, ambayo ungeweza kuinyanyua na kuondoka nayo. Mashine hiyo ilikuwa ya umeme, kwa hiyo mota ya nyuma ya boti ilipozaliwa ilikuwa mota kweli, yenye betri. Zile za petroli zilianza kushika soko baadaye, kwa watu kama Ole Evinrude wa Milwaukee aliyeanza kuuza zake mwaka 1909. Kiingereza kikaendelea kuziita motor. Mjuzi, basi, ana haki kuhusu tabia ya Kiingereza. Hana haki anapodai kwamba tabia hiyo inafuta tofauti ya vitu.

Nimpe silaha nyingine, maana sipendi kushinda kwa kuficha. Watu wa roketi huita "engine" ile inayotumia mafuta ya kimiminika, na "motor" ile yenye baruti ngumu iliyoshindiliwa ndani. Na roketi si habari ya mbali kwetu. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini mkabala wa Ngomeni, Waitaliano walirusha roketi za Scout za Marekani kati ya 1967 na 1988, na Scout ilikuwa ya baruti ngumu kuanzia chini hadi juu. Setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilipaa juu ya "motor" zinazounguza kupita injini yoyote iliyowahi kufungwa kwenye boti ya Lamu. Ndani ya kazi yao, wenye roketi wamekubaliana hivyo, na wanaelewana.

Nasi tuna kazi yetu, na katika kazi yetu neno moja kwa vitu viwili linaleta hasara. Ndani ya injini ya boti yenye kuwashwa kwa betri mna mota halisi: ile stata, inayoizungusha injini mpaka iwake. Nahodha akipiga simu kutoka Faza kusema "mota imekufa", mwenye chombo aliyeko Mombasa ataelewa nini? Stata, ambayo fundi anaweza kuifungua, akabadilisha brashi au kusuka koili upya, ama injini nzima? Tofauti ya bei baina ya hayo mawili inaweza kumnyima mtu usingizi. Na sasa pikipiki za umeme zinaingia, na nimeshamsikia muuzaji akisifia "injini ya umeme" isiyohitaji kubadilishwa oili. Haihitaji, bwana, kwa sababu si injini.

Wazee wa bahari huku husema "mashine" na kumaliza. Hawakosei, kwa kuwa mashine ni jina la jumla na halidai kujua ndani mna nini. Ningependelea mara mia mtu aniambie mashine haiwaki kuliko anipambie mota mahali pasipo mota. Feni, friji, pampu ya kisimani na cherehani ya umeme zina mota. Boti ya kwenda Shela inayonuka petroli ina injini. Na wewe unayeuza boti, andika "injini farasi 40". Mnunuzi hatakuona mshamba, na fundi wake hatalazimika kupiga simu kuuliza unauza nini.