Chaguo-msingi: ile "imekuja nayo" iliyoikuza Google

Katika migahawa mingi, ukiagiza chai ya maziwa bila kuongeza neno, inakuja na sukari imeshakolea. Hukuiomba sukari, na hukuikataa. Asiyeitaka ndiye anayetakiwa kuwahi kusema kabla kikombe hakijafika mezani.

Kwenye kompyuta na simu, sukari hiyo ina jina: chaguo-msingi. Ni kile unachopata usiposema kitu. Mlio ambao simu mpya inaanza nao ni chaguo-msingi. Ukubwa wa maandishi unaoukuta ni chaguo-msingi. Programu inayofunguka ukigusa kiungo ndani ya ujumbe, nayo ni hivyo hivyo. Neno lenyewe utalikuta kwenye mipangilio ya simu iliyowekwa Kiswahili, ila mtaani hulisikii. Muulize fundi simu kwa nini kila ukurasa unafungukia kwenye kivinjari kilekile, yaani ile programu ya kufungulia tovuti, atakujibu, "Hiyo imekuja nayo." Sijaona maelezo mafupi yaliyo bora kuliko hayo.

Jina, hata hivyo, linaweza kutupoteza. Linasema "chaguo", lakini aliyechagua si mwenye simu. Kachagua mtengenezaji wa simu, au mwenye kivinjari, au kampuni iliyowalipa hao ili waichague yenyewe. Ruhusa ya kubadilisha unayo. Ila ili ubadilishe, lazima kwanza ujue kwamba kuna kitu cha kubadilisha, kisha ujue kimefichwa wapi, kisha uone faida ya kuhangaika nacho wakati kilichopo kinafanya kazi. Wengi wetu hatufiki hata hatua ya kwanza, na hilo halitokani na uvivu. Mtu ananunua simu apige, atume pesa, aangalie picha za wajukuu. Hanunui akae anakagua mipangilio.

Kampuni iliyolielewa jambo hili mapema na kulifanyia kazi kuliko nyingi ni Google. Ukilishika neno hili moja, mambo mengi yaliyoonekana kama tamaa ya kuingia kila biashara yanaanza kueleweka.

Google ilianzishwa Septemba 1998 na Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, ikiwa na kazi moja: mtambo wa kutafuta, yaani ule unaoandikia swali nao unakuletea kurasa zenye majibu. Ilikuwa kazi nzuri, na watu waliipenda. Lakini mtambo wa kutafuta una udhaifu wa asili. Hauna mlango wake wenyewe. Ili uufikie unahitaji kivinjari, na miaka hiyo kivinjari cha watu wengi kilikuwa Internet Explorer, mali ya Microsoft. Mwaka 2006, Microsoft ikiandaa toleo la 7 la kivinjari hicho, iliweka kisanduku cha kutafutia pale juu pembeni, na mtambo uliokuja nacho ukawa wa Microsoft. Google ilipeleka malalamiko yake kwa Wizara ya Sheria ya Marekani. Hofu ilikuwa ya kweli: duka lako limejaa bidhaa nzuri, lakini mwenye funguo za geti ni mshindani wako.

Mwenye duka wa namna hiyo anaweza kumlipa mwenye geti, au akajenga geti lake. Google ilifanya yote mawili kwa pamoja.

Malipo yenyewe ni makubwa mno. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, kwa miaka mingi wameendeshwa kwa sehemu kubwa na fedha za Google. Apple ndiyo inayopata fungu nono zaidi. Kesi ambayo serikali ya Marekani iliishtaki Google kwa ukiritimba, iliyosikilizwa Washington, iliweka wazi kwamba kwa mwaka 2022 peke yake, Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili Safari, kivinjari cha iPhone, kije na mtambo wa Google. Kumbuka kwamba mwenye iPhone angeweza kubadilisha kwa kugusa mara chache tu. Dola bilioni 20 zililipwa kwa kujua kwamba hatagusa.

Geti lao wenyewe ni Chrome, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 2008. Eric Schmidt, mkurugenzi mtendaji wa wakati huo, alikuwa amelipinga wazo la kutengeneza kivinjari kwa miaka kadhaa. Chrome ilipotoka ilikuwa nzuri kweli, na tuwape haki yao. Kila kichupo, yaani kila ukurasa uliofunguliwa sambamba na mingine, kilijitegemea, kwa hiyo ukurasa mmoja ukikwama haukuangusha mingine. Kurasa nzito zilifunguka haraka, na sehemu kubwa ya msimbo wake ilitolewa huria, mtu yeyote autumie. Kwa hesabu za StatCounter, wanaopima matumizi ya vivinjari, mwaka 2012 ndiyo iliyokuwa ikitumika kuliko vivinjari vingine duniani.

Lakini kwa somo letu, cha kutazama kwa karibu ni kisanduku cha juu. Vivinjari vya zamani vilikuwa na visanduku viwili: kirefu cha kuandikia anwani ya tovuti, na kifupi cha kutafutia, chenye alama ndogo ya kuonyesha mtambo unaotumika. Ulikuwa unaona kwa macho kwamba hizi ni kazi mbili, na ya pili ina mwenyewe. Chrome ikaviunganisha. Andika anwani, unapelekwa huko. Andika "bei ya mahindi leo" mahali palepale, unaletewa majibu ya Google. Ni rahisi, na hakuna anayetamani kurudi kwenye visanduku viwili. Ila mshono uliokuwa ukionekana umepotea. Kijana aliyeanzia intaneti kwenye Chrome anaweza kumaliza miaka kumi bila kujua kwamba kivinjari ni kitu kimoja na mtambo wa kutafuta ni kitu kingine. Kwake ni "intaneti" tu. Hapo chaguo-msingi limefika mwisho wa nguvu zake: mtu hajui hata kama palikuwa na la kuchagua.

Nguvu hiyo imewahi kupimwa. Katika hukumu ya kesi hiyo ya Marekani, Jaji Amit Mehta aliandika kwamba ndani ya Edge, kivinjari cha Microsoft kinachokuja na mtambo wa Bing, takribani asilimia 80 ya utafutaji unakwenda Bing. Nje ya hapo Bing ni mtambo mdogo. Watumiaji wale wanaifahamu Google vizuri, wamekubali tu kilichokuja nacho. Upande wa Google, karibu nusu ya utafutaji wote wa Marekani ulipita kwenye milango ambayo Google iliilipia kwa mikataba ili iwe chaguo-msingi, na asilimia nyingine 20 hivi ikapitia Chrome ambazo watu wamezipakua wenyewe.

Haina maana kwamba chaguo-msingi humfunga mtu kamba. Mwishoni mwa 2014 Firefox nchini Marekani ilihamia kwa Yahoo. Watu wengi waliona majibu hayawaridhishi, wakaingia kwenye mipangilio wakairudisha Google, na mwaka 2017 Mozilla ikauvunja mkataba. Chai ikiwa chungu, hata mtu mpole atairudisha. Chaguo-msingi linamlinda aliye mzuri kiasi, na linamlinda zaidi pale ambapo tofauti kati yake na mwenzake ni ndogo.

Baada ya kivinjari, Google ilisogea hatua moja ndani, mpaka kwenye sentensi yenyewe unayoiandika. Tangu 2004 ilikuwa ikijaribu kupendekeza maneno wakati mtu anaandika. Tarehe 8 Septemba 2010 ikaja na utafutaji wa papo hapo, ulioitwa Google Instant. Ulikuwa ukiandika "m-a-f", na kabla hujafika popote, neno lililobaki limejitokeza kwa rangi ya kijivu mbele ya kidole chako, huku majibu yameshajaa chini. Ukiongeza herufi, ukurasa mzima unabadilika. Hukuhitaji kubonyeza kitu. Google ilisema unaokoa sekunde 2 hadi 5 kwa kila swali. Mtandao ukiwa mzito, huduma ilijizima yenyewe, jambo la busara.

Yale maneno ya kijivu nayo ni chaguo-msingi: ndilo swali unalopewa usipolimalizia la kwako. Ulikuja kuuliza "mafua ya mtoto mchanga", ukaona mafuta ya nywele, macho yakahama. Kwa mara ya kwanza, kilichowekwa tayari kwa ajili yako kilikuwa wazo, zaidi ya programu. Huduma ya majibu yanayobadilika kila herufi iliondolewa mwaka 2017, kwa kuwa wengi walikuwa wamehamia kwenye simu, na kioo kidogo hakiwezi kubeba kibodi na majibu yanayorukaruka. Mapendekezo yamebaki, na leo hayupo anayeyaona kuwa kitu kigeni.

Kwenye mitandao ya kijamii ndiko njia hii ilikogonga mwamba, na sababu yake inafundisha kuhusu neno letu kuliko ushindi wote wa huko nyuma.

Februari 2010 Google iliwaletea watumiaji wa Gmail mtandao wa kijamii ulioitwa Buzz. Badala ya kumwacha mtu atafute marafiki, mfumo ulimpangia watu wa kufuatana nao kwa kuangalia anaandikiana nao zaidi barua pepe, na orodha hiyo ingeweza kuonekana hadharani asipoizima. Hebu fikiria ni nani hao unaoandikiana nao sana. Wakili na wateja wake. Daktari wa magonjwa ya akili na wagonjwa wake. Mwanamke na mume aliyeachana naye kwa sababu ya kipigo. Watu wa namna hiyo hasa ndio waliotajwa katika malalamiko yaliyofika serikalini Marekani. Mwaka 2011 Google ilikubaliana na Tume ya Shirikisho ya Biashara kwamba ulinzi wake wa faragha utakaguliwa kwa miaka 20, na Buzz ikafungwa mwaka huohuo. Sukari kwenye chai unaweza kuitema. Siri ikishatoka, haikusanyiki tena.

Google+ ilifuata tarehe 28 Juni 2011, na safari hii walikuwa makini zaidi: ulipanga watu kwenye miduara, ndugu huku, wafanyakazi wenzako kule. Wazo zuri. Kisha wakaanza kuisukuma kila mahali, hadi mwaka 2013 ukitaka kutoa maoni YouTube ulipaswa kuwa na akaunti ya Google+. Akaunti zikawa nyingi, ukumbi ukabaki mtupu. Mwaka 2018 Google yenyewe ilikiri kwamba katika kila mara 100 mtu alipoufungua mtandao ule, mara 90 hakukaa hata sekunde 5. Ulifungwa kwa watumiaji wa kawaida tarehe 2 Aprili 2019.

Kutafuta unatafuta peke yako, hivyo ukiwekewa mtambo tayari unautumia. Mazungumzo yanahitaji wenzako wawepo. Unaweza kumwekea mtu kiti barazani, lakini huwezi kumwekea jirani wa kupiga naye soga. Orkut, mtandao wa Google wa tangu 2004, ulistawi Brazili na India bila kusukumwa hivyo, kwa kuwa marafiki waliitana, na uliisha 2014 marafiki hao walipokuwa wameshahamia kwingine.

Serikali nazo zimelisoma neno hili. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa namna ilivyotumia Android, mfumo wake wa kuendeshea simu, kuipa Chrome na mtambo wake nafasi ya mbele. Agosti 2024 Jaji Mehta aliamua kwamba Google imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Wizara ya Sheria ikaomba Chrome iuzwe. Jaji alikataa, ila alipiga marufuku mikataba ya kumfungia nje mshindani, na kuiamuru Google igawane baadhi ya data zake na wapinzani. Uamuzi huo ulitoka tarehe 2 Septemba 2025, miaka 17 kamili tangu Chrome izaliwe. Kulipa ili uwe chaguo-msingi hakukukatazwa.

Ukitaka kuliona la kwako, fungua Chrome kwenye simu, gusa nukta tatu pembeni, ingia Mipangilio, kisha sehemu ya mtambo wa kutafuta. Utakuta majina machache, na mojawapo lina alama. Ndilo lililokuja nalo.