Mshahara wa Bosi wa Shirika la Ndege: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Kila Kenya Airways (KQ) inapotangaza hasara, mazungumzo ya Nairobi huishia pale pale: mkurugenzi mtendaji analipwa kiasi gani? Swali ni halali kabisa, kwani Serikali inamiliki asilimia 48.9 ya hisa, na Serikali ni kodi zetu. Lakini majibu mengi yanayozunguka hayana msingi, na yanawaumiza watu walewale yanaodai kuwatetea: wahudumu wa ndege, mafundi, wapakia mizigo na makarani wa kaunta wanaoamka usiku kuwahi shifti Embakasi.

Dhana: Mishahara minono ya mabosi ndiyo iliyoiangusha KQ

Hesabu inakataa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 shirika lilipata hasara ya shilingi bilioni 25.7, na mwaka uliofuata bilioni 26.2. Ukiwanyima mabosi wote mshahara kwa mwaka mzima, shimo hilo litabaki karibu vilevile. Lilichimbwa na mpango wa upanuzi ulioitwa Mawingu, uliolietea shirika ndege kubwa za kulipiwa kwa dola wakati abiria wakipungua. Uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, uliungua Agosti 2013, jengo la maduka la Westgate likashambuliwa na magaidi mwezi uliofuata, kisha 2014 Ebola ikaitikisa Afrika Magharibi, ambako KQ ilikuwa na safari nyingi. Mwishowe Boeing 777 tatu zikakodishwa kwa Turkish Airlines.

Anayedhani kubana mshahara wa mkubwa kunatosha aitazame Japani. Haruka Nishimatsu, aliyeiongoza Japan Airlines, alijikata mshahara hadi ukawa chini ya wa baadhi ya marubani wake, akawa anaenda kazini kwa basi na kula kantini pamoja na wafanyakazi. Alisifiwa dunia nzima. Januari 2010 shirika likafilisika.

Dhana: Basi kama ni pesa kidogo, wafanyakazi wana wivu tu

Hapa ndipo bodi nyingi hujikwaa, na ndipo ningependa tukae kidogo.

Mwaka 2003 American Airlines ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Mkuu wake, Don Carty, aliwaomba wafanyakazi, wakiwemo marubani, wahudumu na mafundi, wapunguziwe malipo na marupurupu kwa thamani ya dola bilioni 1.8 kwa mwaka. Wakapiga kura, wakakubali. Ndipo ikafichuka kwamba wakubwa walikuwa wametengewa bonasi za kuwashawishi wasihame, na pia mfuko wa kuilinda pensheni yao hata shirika likianguka. Ukilinganisha na bilioni 1.8, hela zenyewe zilikuwa ndogo. Lakini makubaliano yalitikisika mara moja, vyama vya wafanyakazi vikataka kurudia kura, na kabla ya Aprili kwisha Carty alikuwa amejiuzulu.

Wafanyakazi wale hawakuwa na wivu. Walikuwa tayari kukaza mshipi, na walikwisha kukubali kwa kura. Kilichowakata moyo ni kugundua kwamba shida ilikuwa na kanuni mbili, moja ya huku chini na nyingine ya kule juu, na kwamba ile ya juu ilifichwa mpaka kura zikahesabiwa. Mtu aliyetendewa hivyo hataacha kazi kesho. Ataacha kujali. Na katika biashara ambayo fundi anatakiwa aseme "ndege hii haiondoki" hata kama ratiba inachelewa, kutojali ni hatari.

Dhana: Marubani wanalipwa vizuri, kwa hiyo mgomo wao ni tamaa

Ni kweli wanalipwa vizuri kuliko Wakenya wengi. Lakini mgomo wa 5 Novemba 2022 ulihusu hasa akiba yao ya uzeeni, ambayo shirika liliacha kuichangia wakati wa korona mwaka 2020, pamoja na mishahara iliyokatwa kipindi hicho. Waligoma ilhali mahakama ilikwisha kuusimamisha mgomo, na hilo siwatetei. Maelfu ya abiria walikwama. Walirejea kazini tarehe 9 kwa amri ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hata hivyo, kudai mchango ulioahidiwa kwenye mkataba hakuwezi kuitwa tamaa.

Dhana: Malipo ya wakubwa ni siri ya kampuni

Si siri yote. Sheria ya Kampuni ya 2015 inailazimu kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa kutoa ripoti ya malipo ya wakurugenzi, na KQ imeorodheshwa Nairobi tangu 1996. Ipo ndani ya ripoti ya mwaka, kurasa za katikati ambazo watu huziruka. Upungufu wake ni kwamba inawahusu wanaokaa kwenye bodi; mameneja wengine wa juu hawaonekani mmoja mmoja.

Dhana: Kupunguza watu ndiyo tiba

Mwaka 2012 KQ iliwaachisha kazi watu 599. Miaka mitatu baadaye ikaja ile hasara ya bilioni 25.7.

Dhana: Faida ikirudi, moyo wa kazi utarudi wenyewe

KQ ilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja. Sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na shilingi kupanda thamani dhidi ya dola, jambo ambalo mpakia mizigo hawezi kuligusa wala kulionea fahari. Nusu ya kwanza ya 2025 hasara ikarudi.

Continental Airlines ya Marekani ilifanya jambo la busara zaidi. Mwaka 1995, chini ya Gordon Bethune, ikiwa miongoni mwa mashirika yaliyochelewesha sana ndege, iliahidi kila mfanyakazi dola 65 kwa kila mwezi ambao shirika lingeingia katika tano bora kwa kufika kwa wakati. Kila mtu alipata kiasi kilekile. Bethune alikuwa amepiga hesabu kwamba ucheleweshaji ulikuwa ukiligharimu shirika zaidi ya hizo bonasi, na katika muda wa miezi michache Continental ilipanda hadi juu ya orodha.

Wafanyakazi wa KQ wenyewe, kupitia mfuko wao, walikuwa na asilimia 2.4 ya hisa baada ya mabadiliko ya umiliki ya 2017. Hizo zinatosha kusimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza: bonasi ya mkurugenzi mtendaji inapimwa kwa nini, na mpakia mizigo anapimwa kwa kipimo hicho hicho?